Nguo za marehemu: haki kwanza, kumbukumbu baadaye

Msiba unapoingia nyumbani, Waislamu wanajua la kufanya kwa mwili wa marehemu. Mwosha maiti huitwa, sanda hukatwa, jeneza huletwa kutoka msikitini, na mara nyingi siku hiyo hiyo maiti huwa amekwisha kusitiriwa kaburini. Katika jambo hilo umma umefunzwa ukafunzika, hata mwanafunzi wa madrasa aweza kutaja idadi ya vipande vya sanda ya mwanamume na ya mwanamke.

Lakini kabati la nguo lililobaki chumbani halina mwosha wala imamu. Hapo kila nyumba hufuata njia yake. Kuna nyumba ambayo siku ya tatu tu kanzu za baba zimekwisha kugawiwa wajomba na majirani, na mjane aliye ndani hakuulizwa. Kuna nyumba ambayo chumba cha mama kimefungwa kwa kufuli mwaka wa tano sasa, na nondo wamekula nusu ya kanga zake. Na kuna nyumba ambayo ndugu waliolia pamoja kaburini wameacha kusalimiana kwa sababu ya doti chache za kanga na buibui moja jipya.

Ndugu msomaji, nguo hizo ni jambo dogo kwa thamani ya soko, lakini si jambo dogo katika dini. Ni mali ambayo mwenyewe ameondoka na wenyewe wapya wameshapatikana, tangu ile saa roho ilipotoka. Anayeligusa kabati hilo anagusa amana ya watu, na miongoni mwao huenda wamo watoto wadogo wasioweza kusema neno.

Kulia juu ya nguo si dhambi

Tuanze na huzuni, kwa maana ndiyo inayotangulia. Mtu aweza kujizuia makaburini, akapokea pole za watu kwa uso mkavu, kisha akashindwa mbele ya kofia ya viua iliyotundikwa msumarini. Harufu ya udi na marashi iliyobaki katika leso huvunja moyo kuliko maneno. Wapo wanaomkemea mfiwa katika hali hiyo, wakamwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Hawakusema kweli.

Qur'ani yenyewe, katika Suratu Yusuf, imeitaja kanzu ya Nabii Yusuf (as) mahali patatu: ilipoletwa kwa baba yake ikiwa na damu ya uongo, ilipochanwa kwa nyuma, na ilipopelekwa tena kwa baba ikawa sababu ya kurejea kwa macho yake. Nabii Yaaqub (as) aliisikia harufu ya mwanawe hata kabla msafara haujafika. Ni kweli kwamba Yusuf alikuwa hai, lakini baba aliyeishi miaka mingi katika majonzi yale hakuhesabiwa kuwa mtu wa imani haba. Na Mtume wetu (SAW) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, macho yake yalitoka machozi, naye akabainisha kwamba moyo huhuzunika ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola.

Kuna kisa kingine kilicho karibu zaidi na mada yetu. Baada ya vita vya Badr, katika mwaka wa 2 Hijria, watu wa Makka walituma fidia ili mateka wao waachiwe. Miongoni mwa mateka alikuwamo Abul-Aas bin Rabii, mume wa Zaynab (ra) binti ya Mtume. Zaynab alikuwa bado yuko Makka, akatuma mali ya kumkomboa mumewe, na ndani yake mkiwamo mkufu. Mkufu huo ulikuwa wa mama yake, Bibi Khadija (ra), aliyempa siku ya harusi yake. Bibi Khadija alikuwa amekwisha kufariki miaka kadhaa nyuma. Katika riwaya aliyoipokea Abu Daud inasimuliwa kwamba Mtume (SAW) alipouona mkufu ule, moyo wake ulilainika mno.

Tazama alilolifanya baada ya hapo. Hakuuchukua mkufu, ingawa yeye ndiye kiongozi, ndiye mume wa marehemu na ndiye baba wa aliyeutuma. Fidia ile ilikuwa na wenyewe. Aliwaomba masahaba kwamba wakiona inafaa kumwachia mateka wa Zaynab na kumrejeshea mali yake, basi wafanye hivyo. Wakaridhia, na mkufu ukarudi kwa Zaynab.

Hilo ndilo somo la kabati zima. Mapenzi kwa marehemu ni haki, na kuvutwa na kitu chake ni ubinadamu. Lakini mapenzi hayafuti haki ya mwingine. Hutangulizwa ridhaa, ndipo mkono ukanyooshwa.

Nguo ni mirathi

Wanazuoni wa fiqhi wameeleza kwamba kila alichokimiliki marehemu huingia katika mirathi, kikubwa na kidogo. Nyumba imo, shamba limo, na kanzu, makubadhi, saa ya mkononi na miwani vimo. Katika mali hiyo hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na kinachobaki ndicho cha warithi kwa mafungu yaliyowekwa katika Suratun Nisaa.

Tuchukue mfano, ili jambo lionekane wazi. Mwanamume amefariki, baba yake alikwisha kumtangulia. Ameacha mke, mama mzazi, binti mmoja mtu mzima, mtoto wa kiume wa miaka 9 na binti mdogo wa miaka 6. Madeni yamelipwa na hakuna wasia. Nguo na viatu vyake vimethaminishwa kwa haki, vikafika shilingi 480,000.

Mke ana thumuni, kwa kuwa marehemu ana watoto: shilingi 60,000. Mama ana sudusi: shilingi 80,000. Kilichobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja: kijana shilingi 170,000, na mabinti shilingi 85,000 kila mmoja.

Sasa familia inataka kuzitoa nguo zote sadaka, na nia yao ni njema. Lakini wangapi wana uwezo wa kuridhia? Mke, mama na binti mkubwa peke yao. Mafungu yao watatu jumla yake ni shilingi 225,000. Zilizobaki, shilingi 255,000, ni za watoto wawili ambao hawajabaleghe, na mlezi hana ruhusa ya kuigawa bure mali ya yatima, hata kwa jina la sadaka. Ataihifadhi katika nguo zitakazomfaa kijana akikua, au ataziuza kwa bei nzuri na kuwatunzia fedha zao, mpaka wafikie umri na akili ya kukabidhiwa kama ilivyoamrishwa katika aya ya 6 ya Suratun Nisaa. Aya ya 10 ya sura hiyo imewaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kwamba wanakula moto matumboni mwao. Aya haikusema kwamba kanzu ni ndogo mno kuhesabiwa.

Haimaanishi kwamba kila leso ipigwe mnada. Warithi wote wakiwa watu wazima wenye akili timamu, mlango wa kuridhiana ni mpana. Wanaweza kugawana kwa mapatano, mmoja akachukua joho na mwingine akachukua kofia zote. Wanaweza kupiga kura. Wanaweza kumwachia mmoja wao. Wanaweza kutoa sadaka kila kitu. Sharti ni ridhaa ya kweli. Kunyamaza kwa sababu ya haya, au kwa kumwogopa kaka mkubwa mbele ya wageni, si ridhaa.

Wakati wa kugawa, aya ya 8 ya Suratun Nisaa inakumbusha jambo ambalo wengi hulisahau: wakihudhuria jamaa wasiorithi, mayatima na masikini, wapewe chochote na waambiwe maneno mazuri. Mjukuu aliyefiwa na baba yake mapema, ambaye ami zake wamemzuilia urithi kisheria, aweza kufarijika maisha yake yote kwa kofia moja ya babu. Watu wazima wakimpa kutoka katika mafungu yao, wametenda wema mkubwa kwa gharama ndogo.

Je, nguo za mama ni za mabinti?

Katika nyumba nyingi mama akifariki, mabinti na dada zake huingia chumbani na kugawana kanga, vitenge, mabuibui na hata dhahabu, kwa dhana kwamba vitu vya kike ni vya wanawake. Mume hukaa barazani na wana wa kiume hawaulizwi. Hii ni mila. Sheria haikusema hivyo. Mume ana robo katika kila alichokiacha mkewe mwenye watoto. Mama mzazi wa marehemu, akiwa hai, ana sudusi. Watoto wa kiume wana mafungu yao. Kwa upande mwingine, dada wa marehemu hana fungu hapo, kwa kuwa watoto wa kiume wapo.

Mtoto wa kiume hatavaa kanga, na hariri na dhahabu ni haramu kwake kuzivaa, lakini hakukatazwa kumiliki thamani yake. Akiwaachia dada zake kwa radhi yake, ni ihsani. Akitaka fungu lake, asiitwe bahili.

Hutokea pia binti akasema kwamba mama aliahidi sanduku lile liwe lake. Hapa pana tofauti ya kuijua. Kama mama alimkabidhi alipokuwa hai, akalipokea, hiyo ni hiba na ni mali yake. Kama alisema tu kwamba litakuwa lake baada ya kufa, huo ni wasia, na Mtume (SAW) ametufundisha kwamba hakuna wasia kwa mrithi. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba warithi wengine wakiuridhia baada ya kifo, hupita. Kwa hiyo binti huyo hana haja ya kugombana. Anachohitaji ni kuwaomba ndugu zake.

Vilevile zitenganishwe nguo za marehemu na nguo za aliyebaki. Mke akifiwa na mume, kanga zake, dhahabu aliyopewa mahari, na zawadi alizokabidhiwa katika ndoa ni mali yake mwenyewe, wala haziingii katika mirathi ya mumewe. Wakwe wanaofungua sanduku la mjane kwa hoja kwamba mtoto wao ndiye aliyenunua, wanafungua mlango wa dhulma.

Mlango wa mjane ubishwe hodi

Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 234, na mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Muda huo hukaa katika nyumba ya mumewe, ameacha mapambo na manukato. Kabati lililo mbele ya kitanda chake si ghala la ukoo. Kuingia na mifuko na kuondoka na nguo huku yeye amekaa mkekani anatazama ni ukatili ambao hauwezi kufunikwa kwa neno la kwamba tunamwondolea majonzi.

Sheria haikuweka siku ya tatu, ya saba wala ya arubaini kuwa ndiyo siku ya kutoa nguo. Madeni yanaharakishwa na haki za warithi hazicheleweshwi bila sababu, lakini nguo chache zikisubiri mpaka mjane au mzee aliyefiwa aweze kusimama mbele yake, na wenye haki wakakubali, hakuna aliyedhulumiwa. Anayeona ni afadhali zitoke mapema apumue, naye asilaumiwe kwamba amemsahau mumewe. Mioyo haikuumbwa sawa. La kuepukwa ni kukaa miaka bila uamuzi, nguo zikaoza na hali nje kuna mtu anayetafuta shati la kuendea msikitini Ijumaa.

Namna ya kuifanya kazi

Siku ikipangwa, wasikae watu wengi. Watu wawili au watatu wanatosha: mmoja mrithi mtu mzima, mmoja mwenye kuandika, na kama kuna yatima, awepo mlezi wao. Aanze kwa Bismillahi na kumwombea marehemu. Nguo za ndani zishughulikiwe na mume au mke aliyebaki, au na wa jinsia yake; zisitiriwe kwa kuchomwa au kufukiwa, kwa maana sitara ya Mwislamu haiishii kaburini.

Mifuko yote ikaguliwe kabla nguo haijafuliwa. Humo hupatikana fedha, funguo, stakabadhi, laini ya simu, kikaratasi chenye jina la mtu na kiasi cha fedha. Kikaratasi hicho huenda ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote kabatini. Mtume (SAW) aliwahi kuletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumsalia mwenyewe mpaka Abu Qatada (ra) alipojitwika kulilipa. Karatasi yoyote yenye sura ya deni au amana iwekwe kando na ifuatiliwe. Barua za siri zisisomwe kwa udadisi.

Kisha vitu vitengwe. Fungu la kwanza ni vya watu: kanzu ya kuazima, sare ya kazini, kitabu cha msikitini. Hivyo hurudishwa, si mirathi. Nguo zilizoko kwa fundi au kwa dobi zikachukuliwe, na ujira ulipwe. Fungu la pili ni vitu vyenye thamani, ambavyo huandikwa na kuthaminishwa. Fungu la tatu ni nguo za kawaida, ambazo warithi hukubaliana kuzigawana, kuziuza au kuzitoa. Fungu la nne ni zilizochakaa, zifanywe matambara. Panapotokea mzozo, au pana yatima na mali nyingi, ni heri kumwita shekhe mjuzi wa mirathi mapema. Zanzibar na Kenya wana Mahakama za Kadhi. Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo husikiliza mashauri ya mirathi ya Kiislamu na kuteua msimamizi.

Mwosha maiti naye asipewe nguo kwa desturi tu. Anastahiki ujira au takrima, lakini itolewe katika gharama za maziko au katika fungu la mtu mzima aliyeridhia.

Sadaka iliyo safi

Saad bin Ubada (ra) alifiwa na mama yake naye hayupo. Akamuuliza Mtume (SAW) kama kumtolea sadaka kutamfaa, akajibiwa kuwa ndiyo, naye akalitoa bustani lake sadaka kwa ajili ya mama. Riwaya hiyo imo katika Bukhari. Angalia kwamba alitoa kilicho chake, na alitoa kilicho kizuri.

Basi mrithi akitaka kumtolea marehemu nguo sadaka, atoe katika fungu lake, na atoe kitu ambacho yeye mwenyewe hangeona haya kukipokea. Suratul Baqara, aya ya 267, imekataza kukusudia kibaya ndicho cha kutolewa. Nguo ifuliwe, ianikwe juani, vifungo vishonwe, ikunjwe. Apewe mhitaji kwa siri, bila kumkumbusha kila akionekana nayo. Wengine huona ni bora kuziuza nguo na kuchangia kisima au misahafu ya madrasa, ili thawabu ziendelee. Hilo nalo ni jema.

Wapo wanaoogopa kuvaa nguo za aliyekufa, wakidai zina mkosi. Kufa hakuitii nguo najisi wala nuksi. Nguo ikiwa safi, ni nguo. Aliyeogopa maradhi aifue vizuri kwa maji ya moto na sabuni.

Cha kubaki nacho

Hakuna ubaya warithi wakikubaliana kila mmoja abaki na kitu cha ukumbusho. Bibi Aisha (ra) aliwatolea watu shuka nzito na guo lenye viraka, akawaapia kuwa Mtume (SAW) alifariki akiwa amevaa mavazi hayo mawili. Ukumbusho ule ulikuwa darasa: walioyaona walijifunza namna alivyoishi. Kofia ya baba iwe hivyo. Ikimkumbusha mtoto kwamba mwenye kofia hii hakuikosa sala ya alfajiri, imefanya kazi yake. Lakini isifanywe hirizi wala kitu cha kuombwa.

Nasi tuliobaki

Msomaji, makabati yetu nayo yatafunguliwa. Mtume (SAW) ametuhimiza Mwislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Tuandike tunachodaiwa na tunachodai. Tutaje kilicho cha kuazima. Tunachotaka kumpa mtoto au dada, tumkabidhi leo, na watoto tuwafanyie uadilifu. Na nguo tusizozivaa tuzitoe kwa mikono yetu, ili sadaka itoke kwa aliyekuwa akiweza kuizuia.

Sayyidna Abubakar (ra) alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, aliitazama nguo aliyougulia, akausia ifuliwe, iongezwe nguo mbili, akafiwe humo. Bibi Aisha (ra) akasema kwamba nguo ile imechakaa. Babake akamjibu kwamba aliye hai anastahiki zaidi kipya kuliko maiti. Khalifa wa umma mzima aliondoka na nguo kuukuu, akawaachia walio hai iliyo mpya.

Allah (SW) awarehemu waliotutangulia, awape subira wafiwa, na atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana. Amin.